Watu wa Bati na Jicho Langu la Kushoto

Petro, mtoto wangu wa mwisho, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, simu mkononi, anacheka peke yake. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikamuuliza kinachomchekesha ni nini.

"Mama, kuna mtu ameandika orodha ya mambo ambayo watu wanakosea kuhusu zile filamu za anga."

Akaanza kunisomea. Kwamba nahodha mzee hana mguu wa chuma, anachechemea tu tangu kuzaliwa. Kwamba wale mapacha hawajawahi kuwa mke na mume. Nilikuwa simsikilizi sana. Halafu akasoma: "Kosa kubwa kuliko yote. Watazamaji wengi bado wanaamini wale wenye mavazi ya kung'aa wanawanyonya watoto damu. Si kweli. Wanawatia dawa."

Ungo ukanitoka mapajani, maharage yakamwagika mpaka chini ya kabati.

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena. Halafu akaniangalia. "Kumbe na wewe unazijua hizi filamu?"

"Nazijua kabla baba yako hajanijua. Ya tano niliiona kabla ya kwanza."

Nikamweleza kidogo, kwa kifupi, maana watoto wa siku hizi ukirefusha wanarudi kwenye simu. Alipomaliza kusikia akanipa pole, akasema, "Lakini huyo mtafsiri wenu msimlaumu, mama. Hata Wazungu wenye lugha yao walikosea hivyo hivyo."

Hapo nikakasirika, na sikumwambia kwa nini, na ndiyo maana nimekaa kuandika. Mzungu aliyekosea alisikia maneno akayaelewa vibaya. Marwa, mtafsiri wetu, hakusikia neno hata moja, na alijua kwamba hasikii. Mimi shule niliishia la nne, tena kwa sababu ya huyo huyo Marwa, lakini tofauti hiyo naijua.

Nyie wa umri wangu mliokulia Nyamwaga mnalikumbuka banda la video la Wambura. Kuta za udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia ya mahindi ili mwanga usiingie, mabenchi ni magogo yaliyopasuliwa katikati. Jenereta lilikaa nyuma kwa nje, linanguruma kama lori lililokwama, na harufu ya petroli ilipenya kwenye magunia ikachanganyika na jasho letu na samadi ya miguuni. Mpaka leo nikipita karibu na jenereta linalowaka, moyo unaruka kama kuna kitu kinataka kuanza. Kiingilio cha mtoto kilikuwa yai moja. Wambura alisimama mlangoni na kikapu, analitikisa kila yai sikioni asije akapewa viza. Jumapili zote zile kuku wa mama walionekana hawatagi, na mama alimlaumu kicheche.

Mikanda ilitoka Kenya, inapitia Sirari mpakani, na ilikuja bila mpangilio. Tulianza na ya tano, ikaja ya pili, halafu ya tano tena. Aliyekufa Jumapili hii alikuwa mzima Jumapili inayofuata, na sisi tuliona sawa tu, tukajua huko juu watu wanakufa kwa muda. Na kwa vile mikanda ilitoka Kenya, mimi nilijua kwa hakika kwamba anga liko upande wa Kenya. Nikichunga mbuzi nilikuwa nageukia upande wa Sirari, niwahi kukiona chombo chao kikipita.

Aliyetuambia maneno alikuwa Marwa Nyamhanga. Jina nimeliandika lote makusudi. Yeye alijiita Kamanda. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, anapaza sauti kulishinda jenereta, anasema yeye yote wanayosema wao. Kijana, mura kama tunavyosema kwetu, wa miaka ishirini na kitu, shati limepigwa pasi, tena alikuwa fundi kweli, simnyimi hilo. Watu wa angani aliwapa majina yetu. Nahodha anayechechemea alikuwa Tata Mwita, yaani Mzee Mwita. Vile vyombo viwili vinavyopigana alivigawia koo, akatueleza nani kaiba ng'ombe wa nani, na sisi wote tulifuatilia wale ng'ombe kwa uchungu ingawa kwenye picha sikuwahi kumwona ng'ombe hata mmoja. Na msichana shujaa, yule anayeendesha chombo peke yake, alimwita Bhoke.

Mimi naitwa Bhoke. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa gogo la mbele nikijua kwamba huko juu wamepata habari zangu.

Watu wa Bati walikuwa kwenye mkanda wa tano. Tuliwaita hivyo kwa sababu nguo zao zilimeta kama bati jipya la paa. Wanashuka kwenye kijiji cha watu maskini, wanafungua boksi, boksi linatoa moshi mweupe, wanachukua bomba lenye sindano ndefu, wanamshika mtoto mkono. Hapo Marwa alishusha sauti mpaka tunamsogelea. "Wanakunywa damu hawa. Wanampelekea mkubwa wao. Mtoto akishachomwa hapo, amekwisha." Wanaume wa magogo ya nyuma walipiga kelele, "Kimbia, mtoto!" Sisi wadogo tulifunika nyuso kwa mikono miwili na hatukuifungua mpaka Marwa aseme, "Haya, wameondoka."

Sasa fikiria siku gari jeupe lilipoingia uwanja wa shule. Wakashuka manesi wawili, wamevaa nguo zinazong'aa kwa weupe, wakaweka boksi juu ya meza ya mwalimu. Nesi mmoja akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na barafu, na barafu juani inatoa moshi. Sisi barafu hatukuwa tumewahi kuiona.

Aliyepiga kelele "Watu wa Bati!" ni mimi. Nataja wahusika kwa majina, basi na langu liwemo. Robi, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshakunja mkono wa sare, yuko wa tatu kwenye mstari. Nilimvuta mwenyewe. Tukakimbilia kwenye mahindi, karibu darasa zima, mwalimu anatuita nyuma kwa majina ya baba zetu. Tulikaa humo kimya kama sungura mpaka gari likaondoka.

Nyumbani nilimweleza baba. Baba yangu, Mzee Chacha, alikuwa mtu wa gogo la nyuma kwa Wambura, hakosi. Akacheka, akanipiga begani. "Umefanya vizuri, mwanangu. Damu ya mtu ni yake." Nililala na furaha siku ile.

Surua ikaja kabla mahindi hayajakomaa. Robi alikufa. Siwezi kuliandika hilo kwa maneno mengi. Alikuwepo, na Jumatatu moja dawati likawa langu peke yangu, halafu na mimi nikaugua. Macho yangu yalivimba yakaziba. Bibi, mama yake baba, Nyamburi jina lake, alinikamulia majani machoni siku tatu mfululizo. Alikuwa ananipenda. Nalisema hilo, na pia nasema ni mkono wake. La kulia likapona. La kushoto likageuka jeupe kama utando wa maziwa, na hivyo ndivyo lilivyo mpaka leo; ubao wa shule ulinisumbua mpaka la nne nikaacha.

Mama siku hizo zote alikuwa kwao Nyarero, anamuuguza mama yake, na mdogo wangu Ghati alikuwa naye. Aliporudi akanikuta nimekaa mlangoni na kitambaa usoni. Hakulia. Aliniuliza maswali kama polisi. Nani alikuja, lini, kwa nini ulikimbia, nani alikwambia. Nikamwambia yote mpaka habari za mayai. "Kwa hiyo kicheche ni wewe," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake alikwenda zahanati, akarudi na habari kwamba gari litakuja tena Jumanne kuwachoma sindano ya surua waliobaki. Ghati alikuwa na miaka sita na hajachomwa sindano yoyote, na surua ilikuwa bado inapita nyumba kwa nyumba. Juzi yake tu ilikuwa imeingia kwa jirani. Lakini baba akasema, "Ghati haendi. Hawa watu nimewaona kwa macho yangu."

"Umewaona wapi?" mama akauliza.

"Kwa Wambura."

Na Ghati mwenyewe alikuwa hataki kusikia. Hadithi yote ya Watu wa Bati aliipata kwangu, nimemsimulia mara hamsini, na mimi nikisimulia naongeza chumvi. Ukimtajia gari tu anaangalia mahindi yapo upande gani.

Mama akanishika mkono tukaenda kwa Marwa. Tulimkuta nje anapaka viatu rangi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Oh, pole na jicho, mtoto."

"Marwa," mama akasema, "Kiingereza unakijua?"

"Mama Bhoke, mimi nimefanya kazi Sirari miaka miwili na—"

"Sikukuuliza umefanya kazi wapi."

Marwa akaendelea kupiga brashi. "Naangalia picha," akasema polepole. "Naangalia picha, natunga. Na jenereta linavyolia, hata angekuja mwenye lugha asingesikia."

"Basi Jumapili utasema hujui."

"Nikisema sijui nani atakuja? Wambura atatafuta mwingine."

"Usiseme hujui, basi. Sema wanatibu."

"Lakini mama Bhoke, mimi sijui kama wanatibu!"

"Na kunywa damu ulijua?"

Marwa akaiweka brashi chini. Akaniangalia kwenye kitambaa, akaangalia viatu vyake. Akasema, "Nitasema."

Jumapili mama mwenyewe alitupa mayai, mimi na Ghati, moja moja, bila neno. Banda lilijaa mpaka watu wamekaa chini. Baba alikuwa nyuma mahali pake. Ulikuwa mkanda wa tano. Watu wa Bati wakashuka, boksi likatoa moshi, na Marwa akakohoa.

"Hawa sasa," akasema, "hawa ni waganga. Wanatibu."

Nilisikia jenereta tu. Halafu mmoja nyuma akasema, "Kamanda, umelewa?" Mwingine akadakia, "Juzi ilikuwa damu, leo dawa?" "Wamemhonga huyu mura! Muulizeni amepewa nini!" Banda zima likaangua kicheko. Wambura akachungulia mlangoni, akasema, "Marwa, fanya kazi."

Nilikuwa karibu naye, na kwa jicho langu moja nilimwona vizuri. Alimtazama Wambura. Halafu akatabasamu. "Nilikuwa nawapima kama mnakumbuka," akasema. "Wanakunywa damu hawa! Mtoto akichomwa hapo, amekwisha!"

Ghati akazika uso mapajani kwangu. Watoto wote wakafunika macho kama kawaida. Mimi nilikuwa na hasira mpaka mikono haikupanda. Nikawa naangalia tu. Bomba likaingia, mtoto akakunja uso, mtu wa bati akarudi nyuma. Na mtoto akainuka. Akakaa. Mama yake akampa bakuli, akala, akatoka nje mbio. Jumapili zote zile sikuwa nimewahi kukiona kipande hicho, kwa sababu ya mikono yangu mwenyewe.

"Ameinuka!" nikasema. Nilishangaa kusikia sauti yangu ilivyokuwa kubwa. "Mtoto ameinuka anakula!"

"Kaa chini, mtoto," Marwa akasema.

"Rudisha mkanda," nikasema.

Wambura akacheka. "Mkanda haurudishwi kwa yai moja."

"Rudisha," ikasema sauti nzito ya nyuma. Alikuwa Mzee Mataro, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, mtu ambaye hata baba alimwamkia kwa kuinama. "Na mimi sikuona. Nilikuwa nimeinama natafuta tumbaku."

"Tumbaku, tata?" mtu mmoja akauliza kwa upole. "Kila Jumapili?"

Wakacheka, lakini mkanda ukarudishwa. Watu wa Bati wakakimbia kinyumenyume, moshi ukarudi kwenye boksi, kisha mkanda ukaanza upya. Safari hii Mzee Mataro alimwambia Marwa akae chini kwa sababu anaziba. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza banda lile kuangalia picha bila mtu kutuambia picha inasema nini. Mtoto akachomwa. Mtoto akainuka, akala.

Baba akasema kutoka nyuma, "Hata ng'ombe ukimtoa damu anainuka anakula. Hiyo si hoja."

Na hapo ilikuwa kweli, kila mtu akaitikia. Kwetu sisi ng'ombe anapigwa mshale shingoni, mshipa unatoa, damu inakingwa, jeraha linazibwa kwa samadi, naye anarudi malishoni kana kwamba hakuna kitu. Nikaona nimeshindwa. Nilitaka kukaa. Ghati akainua kichwa mapajani kwangu. Yeye ndiye aliyekuwa anamshikia baba kibuyu siku za kutoa damu, kazi aliyoipenda na kuringia.

"Kibuyu kiko wapi?" akauliza.

"Kibuyu gani?" Marwa akasema.

"Cha kukingia."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mataro akasimama, akapita katikati ya magogo mpaka mbele, akainama pua karibu iguse kioo. "Rudisha tena," akasema. Akaangalia. "Tena." Halafu akageuka. "Bomba linaingia limejaa maji. Linatoka tupu. Mimi nimetoa damu ng'ombe tangu sijaota ndevu, sijawahi kuanza na kibuyu kilichojaa nikamaliza na kitupu. Hawa wanatia, hawatoi."

Magogo ya nyuma yalilipuka. Kila mtu sasa alikuwa ameliona bomba, kila mtu alikuwa ameliona tangu zamani, tena wako waliodai walikuwa wanataka kusema. Nilimtafuta baba. Mahali pake palikuwa wazi, na gunia la mlangoni lilikuwa bado linacheza.

Kuhusu Marwa nimalizie hapa hapa. Jumapili iliyofuata alisimama na fimbo yake akasema, "Kama nilivyowaambia tangu mwanzo, hawa ni waganga." Tangu mwanzo! Hilo ndilo sijamsamehe. Jicho ningeweza kulisamehe. Alikuwa kijana, alikuwa anatafuta ugali. Lakini Robi alikuwa chini ya udongo na yeye anasema tangu mwanzo. Siku hizi anaishi huku huku Nkende karibu na mimi, mzee wa kanisa, ana suti. Akiniona barabarani anapita upande wangu wa kushoto.

Jumanne asubuhi baba hakusema nenda wala usiende. Alichukua fimbo akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa zizini wanamwangalia. Mama akaelewa. Akamfunga Ghati kanga kiunoni tukaondoka.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Wako watoto waliokimbia bado, hasa wale ambao hawakuwa wamefika kwa Wambura, lakini Mzee Mataro alikuwa amesimama ukingoni mwa mahindi na rungu, anawarudisha kama ndama. "Mnakwenda wapi? Mahindi yanatibu?" Nikamwona na baba pia. Alikuwa anatoka humo kwenye mahindi, amembeba mtoto wa mdogo wake kwapani, mtoto anapiga mateke, na baba anajifanya hatuoni.

Ghati alipofika mezani akaficha mkono mgongoni. "Nionyeshe kwanza," akamwambia nesi.

"Nikuonyeshe nini, mama?"

"Hilo bomba."

Nesi akamwonyesha. Ghati akaliangalia kwa juu na kwa chini. "Limejaa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa kukagua. Akatoa mkono. Akachomwa. Na hapo alipiga yowe ambalo nafikiri lilisikika Nyarero, akamtukana yule nesi kwa Kikurya chote alichokuwa nacho, mpaka mama akafunika uso kwa kanga. Nesi alikuwa Mkurya. Alicheka mpaka akakaa.

Kurudi nyumbani Ghati alikataa kutembea. Alisema mkono umekufa, na mtu mwenye mkono uliokufa hawezi kwenda kwa miguu. Mama alikuwa na mzigo kichwani, kwa hiyo nikambeba mimi, na kwa vile mkono uliomuuma ulitakiwa usiguswe na kitu, ilibidi nimweke upande wa kushoto. Njia nzima sikumwona. Nilisikia tu pumzi yake ya moto sikioni na mdomo wake, haunyamazi: nesi mbaya, mkono unauma, Bhoke umenibeba vibaya, Bhoke tembea polepole, Bhoke sasa haraka. Nilikuwa na miaka tisa na alikuwa mzito. Kila aliponyamaza nilimtikisa kidogo, ili aanze tena.